Maswali na majibu: Safu hii ya nishani ilikuwa ya nani?

Wiki hii najibu maswali ya safu za nishani za Kijerumani, yaani zile nishani kadhaa zilizoshonwa pamoja, utepe kwa utepe, juu ya kipande cha bati chenye pini nyuma, ili mwanajeshi azivae zote kwa mara moja.

Nimenunua safu ya nishani nne kwenye soko la vitu vya kale. Nimezigeuza zote, hakuna jina. Nitampataje mwenyewe? (Msomaji, Hamburg)

Jina halijafutika, halikuwahi kuwepo. Waingereza walichonga namba, jina na kikosi kwenye ukingo wa nishani zao nyingi za Vita Kuu ya Kwanza, hata za askari wa KAR, jeshi lao la Afrika Mashariki. Wajerumani kwa kawaida waliliacha jina kwenye cheti, na cheti kikipotea tunabaki kusoma chuma na kitambaa.

Picha uliyonitumia ina Msalaba wa Chuma wa 1914 daraja la pili, Msalaba wa Hanse wa Hamburg, Msalaba wa Heshima wa 1934 na nishani ya utumishi jeshini. Huo wa Chuma walipewa watu kama milioni tano, kwa hiyo peke yake hausaidii kitu. Ila utepe wake ni mweusi wenye mistari myeupe, basi alikuwa mpiganaji. Asiyepigana alipewa mweupe wenye mistari myeusi. Wa pili unamfunga na Hamburg, ama kwa kuzaliwa ama kwa kutumikia kikosi cha huko. Wa tatu ulianzishwa Julai 1934, na nishani ya utumishi ilianzishwa 1936, kwa hiyo safu hii ilishonwa wakati wa Hitler, na mwenyewe alikuwa bado jeshini au amerudi.

Hapo tumepata aina ya mtu, na wa aina hiyo walikuwa wengi mno. Nakwambia bila kuzunguka: kwa nishani hizi nne hutalipata jina. Kinachomtoa mtu gizani ni nishani adimu, hasa zikiwa mbili au tatu pamoja, mathalani ya dola dogo la ndani ya Ujerumani kama Lippe, au ile ya Mtakatifu Heinrich ya Saksonia. Hapo unafungua *Rangliste*, orodha ya maafisa wa Prussia (dola kubwa kuliko yote ndani ya Ujerumani) iliyochapwa kila mwaka hadi 1914, inayoonyesha kila afisa, kikosi chake na nishani zake, unalinganisha mstari kwa mstari. Askari wa kawaida hawamo humo. Na usitegemee sana majalada ya jeshi la Prussia, kwa sababu hifadhi ya Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Ya Bavaria yapo Munich, ndiyo maana mimi nikiona safu ya Kibavaria roho hutulia.

Kwenye boksi moja na safu ya babu mkwe, Mjerumani, kuna nyota nyekundu yenye maandishi ya Kiarabu. Ni ya Sultani wa Zanzibar? (Msomaji, Tanga)

Usifurahi mapema, dada. Angalia chini ya ile sahihi ya kifalme iliyopindwapindwa. Uliyepita chuo cha Kurani utasoma tarakimu hizo bila taabu: zikiwa ۱۳۳۳ na ndani ya nyota kuna mwezi mwandamo, hiyo ni nishani ya vita ya Dola ya Uthmaniya ya 1915, waliyopewa Wajerumani wengi waliopigana bega kwa bega na Waturuki. Haikuning'inia kwenye safu. Ilibanwa kifuani kwa pini yake.

Kama kweli ni Nyota ya Zanzibar, umeokota dhahabu ya mtafiti. Afisa wa Prussia hakuruhusiwa kuvaa nishani ya nchi ya kigeni bila idhini ya mfalme wake, na idhini hizo zilitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, *Reichsanzeiger*. Chuo Kikuu cha Mannheim kimeliweka mtandaoni. Kazi ni kusoma herufi za Kijerumani cha kale.

Nishani ya shaba yenye kipande kilichoandikwa "Deutsch-Ostafrika 1905/07" ina maana gani? (Msomaji, Songea)

Ni nishani ya makoloni aliyoianzisha Kaiser Wilhelm II mwaka 1912, na kipande hicho ni cha Vita vya Maji Maji. Kwenu Songea sina haja ya kueleza kilichotokea 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni. Ila usikimbilie kudhani aliyeivaa alikuwa wa jeshi la koloni: mabaharia wa manowari nao walishushwa pwani katika vita hivyo. Tazama nishani nyingine zilizo kando yake kabla hujamtafuta kwenye orodha yoyote.

Nitajuaje kama safu imeungwa juzi na mfanyabiashara? (Msomaji, Nairobi)

Anza nyuma. Kitambaa cha nyuma kiwe na alama za kutu pale pini inapogusa. Kisha inua ukunjo wa utepe taratibu: sehemu iliyofichwa inapaswa kuwa na rangi kali kuliko ya mbele iliyopigwa na jua. Ukimaliza, mulika kwa taa ya urujuanimno (UV) gizani. Uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa mweupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Wa pamba ya zamani haung'ai. Uzi mmoja tu ukiwaka, waza kwamba safu imerekebishwa. Ukiwaka wote, rudisha mzigo.

Mnunuzi anataka Msalaba wa Chuma tu. Nifumue? (Msomaji, Muscat)

Hapana. Ukifumua, huyo mwenyewe hatafutiki tena. Mwambie anunue zote au aende zake.