Sabufa kwenye gari la paa la kukunja: uliza kwanza besi itapita wapi

Ukimwambia fundi wa muziki wa magari kwamba unataka sabufa kwenye konvetibo, yaani gari la paa la kukunja, mara nyingi atakujibu kwa kuongeza: sabufa mbili badala ya moja, amplifaya kubwa kuliko uliyokuwa nayo kichwani. Sababu yake ni kwamba paa likifunguka besi inapotea. Hapo hajakosea. Ila dawa anayotoa ndiyo siyo. Gari langu ni la paa la kitambaa, siti nne, na nimewasaidia jamaa kadhaa wenye magari ya aina hiyo, mengine ya siti mbili. Katika yote, lililoamua kama mtu atafurahia muziki wake au la ni njia ya besi kuingia walipo watu. Wati zilikuja nyuma sana.

Kwanza uelewe kinachopotea. Gari lililofungwa huisaidia sabufa bila wewe kulipa chochote. Wimbi la sauti la hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani ni refu kuliko gari lenyewe. Kwa hiyo kwenye besi ya chini, sabufa inaibana na kuiachia hewa yote ya ndani ya gari kama pampu ya baiskeli, na kadiri noti inavyoshuka ndivyo msaada huo unavyokua. Kwa nadharia, kabini iliyozibwa kabisa inaongeza desibeli 12 kwa kila oktavu unayoshuka, yaani kila hezi zinapopungua nusu. Magari halisi yanavuja kwenye milango na matundu ya hewa, kwa hiyo hupati zote, lakini unachopata kinatosha kuifanya sabufa ya kawaida isikike kama ya bei mbaya. Sasa fungua paa. Hewa haina pa kubanwa tena, na besi inayoondoka kwanza ni ile ya chini kabisa, ya kutikisa kifua. Ile ya hezi 60 hadi 100, ya ngoma na gitaa la besi, hupungua lakini haikuachi kabisa.

Fundi akisema aongeze nguvu ili kufidia, mpigie hesabu. Kila desibeli 3 zinahitaji wati mara mbili. Ili sikio lako lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, na hizo ni wati mara 10. Mwenye amplifaya ya wati 300 anaambiwa, kwa lugha nyingine, atafute 3000, pamoja na alternata ya kuilisha na spika ya kuvumilia. Mimi besi ya hezi 25 paa likiwa wazi niliisamehe mapema. Nikilifunga, inarudi yenyewe.

Tatizo kubwa zaidi liko nyuma ya siti. Gari la kawaida hupata ugumu wake kwa sehemu kubwa kutoka kwenye paa. Ukiliondoa paa, mtengenezaji lazima aimarishe kwingine, na mara nyingi anaimarisha sakafu na ile sehemu kati ya siti ya nyuma na buti. Matokeo yake, buti la konvetibo nyingi ni chumba kingine kabisa, chenye ukuta wa chuma, na juu yake kuna lile shimo linalolaza paa. Ukiweka sabufa humo na kuifunga, dereva anasikia kifuniko cha buti na kibao cha namba vikitetemeka, huku wapita njia wakipata besi safi kuliko yeye aliyelipia.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, ng'oa mgongo wa siti ya nyuma, chukua tochi, uangalie. Magari mengi yana uwazi nyuma ya egemeo la mikono la katikati, uliowekwa kwa ajili ya kupitisha mizigo mirefu. Huo ndio mlango wako. Mimi niliielekeza sabufa moja ya inchi 10 hapo, uso wake ukitazama kabini, nikaziba pengo lote kati ya boksi na chuma kwa sponji nzito isiyopitisha hewa, ili besi yote iende mbele na isimwagike kwenye buti. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: piga mlio wa hezi 50 kwa sauti ya wastani, kisha pitisha kiganja polepole kando ya sponji ukiwa upande wa buti. Penye mwanya utahisi hewa ikikupuliza, pu-pu-pu, laini lakini haijifichi. Ongeza sponji hapo, rudia. Kwenye kona ya chini kushoto ya gari langu palikuwa na tundu la kupitisha waya ambalo jicho lisingeliona, mkono ukalikuta. Lilipozibwa, tofauti niliisikia nikiwa siti ya mbele.

Kama hakuna uwazi, usikubali mtu aje na msumeno akukatie ule ukuta. Ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari, na kwenye baadhi ya magari humo humo ndimo zinamokaa zile nguzo za usalama zinazochomoka gari likianza kupinduka. Afadhali utafute sabufa bapa ya kuweka chini ya siti, au boksi jembamba nyuma ya siti za mbele. Kwa gari la siti mbili kama Mazda MX-5, sehemu nzuri kuliko zote ni sakafuni mbele ya abiria, chini ya dashibodi, au nyuma ya migongo ya siti. Sabufa ndogo ya inchi 8 iliyo ndani ya kabini hushinda ya inchi 12 iliyofungiwa kwenye buti, na kwenye paa wazi inaishinda kwa mbali, maana iko karibu na mwili wako na upepo haujapata nafasi ya kuigawa.

Kuhusu vipimo, chukua vyako paa likiwa limekunjwa. Kata katoni, gundisha umbo la boksi unalotaka, liweke mahali pake, kisha kunja na kukunjua paa polepole huku mtu mwingine akichungulia. Angalia mikono ya chuma ya paa, mipira ya haidroliki, na jinsi kitambaa kinavyojikunja mwishoni. Kwenye magari ya paa la chuma linaloingia butini hali ni ngumu zaidi, kwani paa linakula karibu nafasi yote, na kuna pazia au kigawanyo ambacho lazima kiwe kimefungwa ndipo mota ya paa ikubali kufanya kazi. Wapo wanaoidanganya swichi ya pazia hilo ili boksi lienee. Paa la chuma likishukia boksi la mbao, utalipia paa, boksi na mota kwa pamoja.

Kuna ubishi usioisha kati ya boksi lililozibwa na boksi lenye tundu. Kwa gari la kawaida mimi ni mtu wa lililozibwa. Sauti yake hushuka taratibu, desibeli 12 kwa oktavu, na kabini iliyofungwa inalijazia hilo pengo karibu sawasawa. Kwenye gari la paa wazi hakuna wa kujazia, kwa hiyo lenye tundu linapata hoja nzuri: karibu na masafa lililotuniwa linatoa sauti zaidi kwa wati zile zile. Ukiwa na nafasi, tuni kati ya hezi 35 na 40, na uwashe kichujio cha kukata masafa ya chini ya hapo, kwa sababu chini ya tuni yake koni, ile sahani ya spika inayotetemeka, haina kinachoizuia na inaweza kujiumiza. Sikuwa na nafasi, nikabaki na lililozibwa. Ila mbao usifanye mchezo nazo. MDF, ile mbao ya unga wa miti ulioshindiliwa, ikinyonya maji inavimba na kumeguka, na konvetibo hata iwe mpya vipi ipo siku itaingiza maji. Tumia plaiwudi ya kuhimili maji, piga rangi hadi kwenye kingo.

Sasa milango, ambayo watu wengi huiacha mwisho wakati ingetakiwa kuwa ya kwanza. Ukiwa barabara kuu paa likiwa wazi, kelele za upepo na matairi zinafunika besi pamoja na ile sauti ya kati na chini, hezi 80 hadi 200 hivi, inayofanya ngoma isikike kama ngoma. Sabufa haiwezi kuirudisha. Ni kazi ya spika za mlangoni, na spika hizo haziwezi kuifanya ndani ya mlango wenye matundu makubwa kama dirisha. Fungua kava la mlango, bandika matandiko ya butili (mpira mzito unaonata) yenye foili kwenye bati la nje, kisha ziba matundu ya bati la ndani ili mlango uwe boksi. Usizibe vitundu vilivyo chini kabisa ya mlango; ndivyo vinavyotoa maji yanayoteremka na kioo, na ukiviziba mlango utageuka tangi. Koni ziwe za polipropilini au nyingine isiyoogopa unyevu. Kabla ya kufunga spika, shusha kioo hadi chini kabisa uone kama sumaku yake haikigusi. Kumbuka vioo vya magari haya mara nyingi havina fremu na hujishusha kidogo kila unapofungua mlango, kwa hiyo jaribu pia kwa kufungua na kufunga mlango, siyo kwa kubonyeza swichi pekee. Spika hizi zipe amplifaya yake, uzikate chini ya hezi 80 ili zisihangaike na kazi ya sabufa. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu mwaka huu, fanya milango, sabufa isubiri.

Umeme ni ule ule wa magari mengine. Amplifaya ya wati 600 yenye ufanisi wa asilimia 80 inavuta karibu ampea 54 kwenye volti 13.8, kwa hiyo waya uwe mnene wa shaba tupu, siyo alumini iliyopakwa shaba, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Baadhi ya magari haya yana betri butini, MX-5 za vizazi viwili vya kwanza zikiwamo. Hapo waya unakuwa mfupi sana, lakini fyuzi bado ni lazima. Ukipita chini ya siti utakutana na soketi za rangi ya njano. Hizo ni za mifuko ya hewa. Chomoa betri, subiri kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, ndipo uziguse. Amplifaya usiilaze sakafuni. Mifereji ya kutolea maji ya paa huziba kwa majani, na maji yakikosa njia hutafuta sehemu ya chini kabisa, ambayo ndiyo hiyo hiyo mafundi wanapenda kuificha amplifaya. Inyanyue kwenye kibao, na usafishe mifereji kabla ya msimu wa mvua.

Vifaa vyote pia vifiche. Kitambaa cha paa hukatwa kwa kisu, na taa za buluu zinazomulika kutoka kwenye boksi ni tangazo kwa mwizi.

Kwenye kutuni, nunua prosesa ya sauti inayohifadhi mipangilio miwili au zaidi, hata kama itabidi upunguze ukubwa wa sabufa. Mpangilio mmoja uwe wa paa lililofungwa, mwingine wa paa wazi wenye besi zaidi na twita (spika ndogo za sauti za juu) zilizonyanyuliwa kidogo. Bila hivyo utatuni kwa paa wazi, kisha mvua inyeshe, ufunge paa, na gari zima livume kiasi cha kuumiza kichwa. Kitufe cha mzunguko cha besi karibu na giaboksi kinasaidia pia. Geini ya amplifaya, yaani kiwango inachokuza sauti inayoingia, iweke kwa mita, siyo kwa sikio: zidisha wati za amplifaya kwa omu (ukinzani) za sabufa, tafuta kipeuo cha pili, na hiyo ndiyo volti ya kutoivuka. Wati 500 kwenye omu 2 ni volti 31.6. Kisha geuza waya za sabufa, chanya iwe hasi, usikilize ukiwa siti ya dereva. Upande unaotoa besi nzito ndio sahihi, bila kujali rangi za waya zinasemaje.

Kutuni kwa paa wazi fanya gari likiwa kwenye mwendo, mtu mwingine akiendesha. Gari likiwa limesimama utaweka besi ndogo na kuridhika, halafu kwenye kilomita 100 kwa saa hutaisikia. Halafu kuwa mwangalifu na sauti yenyewe. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo 88 ni saa 4. Upepo nao unahesabika, na muziki unalazimika kuuzidi ndipo usikike. Ndiyo maana kabla mtu hajanunua amplifaya ya pili, huwa namwuliza kama ana kile kizuia upepo cha wavu kinachosimama nyuma ya siti za mbele. Kifungwe, vioo vya pembeni vipandishwe, halafu asikilize sabufa ile ile.