Kwa Baharia Mpya wa Nyambizi: Hatari Huanzia Kwenye Vitu Vidogo

Vijana wetu kadhaa waliopata uraia wa Marekani wameniuliza kuhusu kazi ya nyambizi, na karibu wote huulizia kwanza kina cha bahari na adui. Mimi nawaomba waanze kwa kuogopa koki, vali na madoa ya mafuta, kwa sababu hayo ndiyo yaliyowaua wengi wakati hakuna vita.

Someni kwa makini habari za nyambizi ya Kiingereza iliyoitwa Thetis. Tarehe 1 Juni 1939 ilikuwa katika majaribio kwenye Ghuba ya Liverpool, ikiwa na watu 103, mabaharia pamoja na mafundi wa kiwanda. Ilipokuwa haizami inavyotakiwa, ikaamuliwa mirija ya mbele ya kurushia topido, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, ikaguliwe kama ina maji. Mlango wa ndani wa kila mrija ulikuwa na koki ndogo ya kupimia, ambayo ukiifungua na maji yakatoka, unajua kwamba mrija umejaa. Kwenye mrija wa tano maji hayakutoka, kwani tundu la koki lilikuwa limezibwa na rangi, ilhali mlango wa nje ulikuwa wazi. Mlango wa ndani ulipofunguliwa bahari ikaingia, na vyumba viwili vya mbele vikajaa. Mkia wa nyambizi ulionekana juu ya maji, waokoaji wakiwa karibu, lakini walionusurika ni watu wanne tu. Wengi wa wale 99 waliokufa waliuawa na hewa ya ukaa iliyotokana na pumzi zao wenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba dalili moja haitoshi. Kabla hujavaa beji ya pomboo, alama ya baharia aliyefuzu kazi ya nyambizi, hata ukiwa mpishi, utatakiwa kuijua mifumo ya maji, hewa, umeme na mafuta ya shinikizo yanayosukuma mitambo, na kutiliwa sahihi kwa kila mmoja na mtu aliyekutangulia kufuzu. Wapo wanaokariri michoro ili wapate sahihi, jambo ambalo naliona kuwa hatari kwa meli nzima. Lifuate bomba kwa mkono tangu linapoanza hadi linapoishia, na uizoee kila vali hata gizani. Moto ukizuka, moshi hujaa katika muda mfupi sana, nawe utakuwa umevaa barakoa ambayo mpira wake huchomekwa kwenye matundu ya hewa yaliyo darini: unavuta pumzi, unachomoa, unatembea ukiwa umebana pumzi, kisha unachomeka kwingine. Asiyejua tundu linalofuata liko wapi hafiki mbali.

Usidharau usafi pia. Nyambizi ya Urusi, Kursk, ilipolipuliwa na topido yake yenyewe tarehe 12 Agosti 2000, mabaharia 23 kati ya 118 walifika wakiwa hai katika chumba cha tisa. Walikuwa na mabamba ya kemikali ya kutoa oksijeni, na mojawapo lilipogusana na maji yenye mafuta, likawaka. Ukipewa kitambaa ufute mafuta sakafuni, hiyo ni kazi ya kulinda uhai.

Uchovu ndio unaoyafungulia njia mambo haya yote. Hakuna jua, mchana na usiku hujulikana kwa saa na kwa aina ya chakula tu, na baharia mgeni mara nyingi hugawana kitanda na wenzake, mmoja akiamka kwenda zamu mwingine analala. Lala kila unapopata nafasi, na ukishindwa kusoma kipimo vizuri kwa sababu ya usingizi, mwambie mkuu wa zamu mara moja. Atakukaripia, lakini atamweka mtu mwingine.

Kwetu sisi liko zito zaidi, nalo ni msiba. Katika safari ndefu za nyambizi zinazobeba makombora ya nyuklia, barua fupi kutoka nyumbani hukaguliwa, na taarifa ya kifo huweza kuzuiliwa mpaka safari iishe. Unaweza kurudi ukakuta mzazi wako alishazikwa na arobaini imeshapita. Kaa na ndugu zako kabla hujaondoka, waeleze hivyo waziwazi, na mkubaliane ni nani atakayesimama mahali pako kwenye mazishi na nani atakayekupokea bandarini kukupa habari.