Hunza bila papara: njia, msimu na siku za akiba

SWALI: Tangu nikiwa shuleni natamani kuiona Hunza, kaskazini mwa Pakistan. Sasa fedha ninayo, na nimepata likizo ya siku 12 mwezi wa Aprili. Ndugu zangu wanasema kule ni mabomu tu. Niende? – Msomaji, Tanga

JIBU: Nenda, lakini usiwabeze ndugu zako. Juni 2013 watu wenye silaha waliwaua wapanda milima 10 wa kigeni chini ya mlima Nanga Parbat, kaskazini hukohuko. Jimbo la Balochistan, wilaya zinazopakana na Afghanistan na ukanda wa mstari unaoigawa Kashmir kati ya Pakistan na India si mahali pa matembezi hata leo. Hunza yenyewe ni tulivu. Wakazi wake wengi ni Waismailia, Waislamu wafuasi wa Aga Khan, jumuiya ileile yenye jamatkhana (nyumba za ibada) Dar es Salaam na Mombasa, na mgeni hupokelewa vizuri mno.

Hatari iko njiani, na hapo ndipo tunakuomba uwe makini. Kwa gari kuna njia mbili kutoka Islamabad. Ile fupi hupitia mlimani Babusar, mita 4,173 juu ya bahari, nayo hufungwa na theluji mpaka Juni hivi, kwa hiyo kwako haipo. Inabaki barabara ya Karakoram kupitia Besham na Chilas, kando ya mto Indus. Mvua za masika ya huko hulegeza miteremko, mawe yakaporomoka na barabara ikazibwa kwa saa kadhaa au siku nzima. Tena ni Besham ambako Machi 2024 wahandisi watano wa Kichina waliuawa kwa bomu. Pita mchana tu, gawa safari kwa siku mbili, na polisi wakitaka kukusindikiza, kubali bila ubishi.

Bora upande ndege ya Islamabad hadi Gilgit, kisha gari saa mbili au tatu mpaka Karimabad, mji wa Hunza. Ila ndege hiyo hupenya katikati ya milima. Mawingu yakishuka, safari inafutwa. Wengi hukwama kwa sababu wamepanga kurudi kutoka Gilgit leo na kuruka kwenda nyumbani kesho. Wewe rudi Islamabad angalau siku mbili kabla, ili ndege ikifutwa upate muda wa kushuka kwa gari. Tiketi ya kimataifa iwe ya kubadilishika: Mei 2025, Pakistan na India ziliposhambuliana, anga lilifungwa.

Ukiondoa siku za njiani na za akiba, Hunza utabaki na siku tano au sita. Zinatosha. Fika mapema Aprili uyakute maua ya miaprikoti. Ione ngome ya Baltit, kisha ziwa Attabad, lililozaliwa Januari 2010 mlima ulipoporomoka na kuziba mto, na vilele vya Passu. Khunjerab, kwenye mpaka wa China, iache mwisho: Karimabad iko mita 2,500 hivi, kule ni 4,693. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikaja, shuka mara moja, usingoje kipoe.

SWALI: Nyaraka gani hukwamisha watu? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Viza huombwa mtandaoni, na unaweza kutakiwa uthibitisho wa hoteli au barua ya mwaliko. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, basi usichanje wiki ya safari. Toa vivuli vingi vya pasipoti na viza, kwani kila kizuizi barabarani hutaka chake. Uliza hoteli kabla ya kulipia kama inapokea wageni wa nje. Za bei ya chini mara nyingi hukataa. Soma pia bima yako: nyingi hazilipi ukienda eneo ambalo serikali imeonya watu wasiende.

SWALI: Simu na fedha je? – Msomaji, Arusha

JIBU: Laini inayoshika vizuri huko juu ni SCOM, beba pasipoti ukainunue Gilgit. Badilisha dola Islamabad, ziwe noti safi zisizochanika, na upande na rupia za kutosha safari nzima.