Kadi ya mwisho si historia yote: kwa wapya wanaopokea simu za wenye vipandikizi vya matiti

Wiki hii nimesoma ripoti sita za matukio zilizoandikwa na wenzetu wapya. Nne hazina modeli, tano hazina namba ya seri, na moja imeandikwa tu "kipandikizi kina shida". Nilipomaliza nikamsikia mmoja wenu akimwambia mama wa watu kwenye simu, "Kadi yako inasema uso laini, dada, usijali." Uso ni ganda la nje la kipandikizi, huwa laini au wa kukwaruza, na huandikwa kwenye kadi anayopewa mgonjwa. Nikaacha nilichokuwa nakifanya. Nawapenda, na mna moyo ambao hakuna semina inayoweza kumpa mtu. Lakini neno hilo nimeshawahi kulisema mimi, na najua lilikompeleka mgonjwa.

1. Ripoti isiyo na modeli wala namba ya seri haimsaidii mdhibiti kujua ni kipandikizi kipi kinaumiza watu. Mgonjwa akiwa amepoteza kadi, aombe kumbukumbu za upasuaji wake hospitalini. Stika za kipandikizi kwa kawaida hubandikwa humo.

2. Andikeni dalili kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "linaungua ndani", andika linaungua ndani. Usimtafsirie.

3. Ulizeni kuhusu vipandikizi vya kwanza, si cha sasa tu. Hapa naomba mnivumilie.

Mgonjwa mmoja alikuwa ameondolewa titi kwa sababu ya saratani, kisha akajengewa jingine. Alinipigia baada ya titi hilo kuvimba ndani ya wiki mbili, na hakuwa ameanguka wala kugongwa. Ilikuwa miezi michache baada ya Julai 2019, FDA, mdhibiti wa dawa na vifaa tiba wa Marekani, ilipoitaka kampuni ya Allergan iondoe sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL, vya uso wa kukwaruza, na kampuni ikaviondoa duniani kote. Simu zilikuwa hazikatiki. Nikamwomba anisomee kadi. Akavaa miwani, nikamsikia akiitafuta kwenye mkoba, kisha akasoma pole pole, herufi moja moja, hadi akafika kwenye uso: laini. Nikashusha pumzi. Nikamwambia limfoma inayosemwa, yaani saratani ya chembe za kinga, inahusishwa na vipandikizi vya uso wa kukwaruza, chake ni laini, atulie. Akanishukuru sana, akaniombea na dua. Shukrani ile hadi leo inaniuma kuliko lawama yoyote.

Sikumwuliza kadi ni ya lini. Ilikuwa ya kipandikizi cha pili, alichowekewa miaka miwili nyuma. Kabla yake alikaa na kingine miaka minane, cha kukwaruza, na kabla ya hicho aliwekewa kipanuzi cha tishu, mfuko wa muda wa kutanua ngozi, nacho cha kukwaruza. BIA-ALCL, ndilo jina la limfoma ile, mnaijua: si saratani ya titi, ni limfoma, inaanzia kwenye majimaji na utando wa kovu unaozunguka kipandikizi, na mara nyingi hujitokeza miaka saba hadi kumi baada ya upasuaji. Yeye alikuwa ametimiza miaka hiyo kabisa. Mimi nilihesabu miwili.

Kwa neno langu alikaa miezi minne. Uvimbe ukapungua, ukarudi. Daktari mmoja akayavuta majimaji kwa sindano, yakamwagwa, akaambiwa arudi yakijaa tena. Yalipojaa akanipigia mara ya pili, na safari hii nikauliza nilichopaswa kuuliza mwanzo: hiki ni cha ngapi? Akanihesabia. Kalamu ikanidondoka. Tukasimamia majimaji yapelekwe maabara, yapimwe chembe pamoja na CD30, alama inayosaidia kuitambua limfoma hii, na majibu yakaja tusivyotaka. Ugonjwa ukiwa bado ndani ya utando, kuondoa kipandikizi na utando wote mara nyingi hutosha. Wake ulikuwa umeshatoka nje, akaongezewa tiba ya kemikali. Nilikaa naye siku ya dripu ya kwanza, nikamweleza kosa langu wazi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza wangapi wengine niliwajibu hivyo. Nikarudi kwenye daftari, nikawapigia wote, mmoja mmoja, siku tatu mfululizo.

Kwa hiyo majimaji yanayotokea mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji hayamwagwi. Yanapimwa.

4. Mwenye silikoni asiye na dalili mwulizeni amefanya lini kipimo cha MRI au ultrasaundi. Tangu 2021 FDA inashauri cha kwanza kiwe miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila miaka miwili au mitatu. Kipandikizi cha silikoni hupasuka kimya kimya.

5. Mkienda mbele ya wadhibiti, nendeni na majedwali. Wanawake waliotoa ushahidi FDA Machi 2019 walilia, ndiyo, lakini walikuwa na tarehe, modeli na majibu ya maabara. Oktoba 2021 likaja onyo la kisanduku, onyo kali kuliko yote la FDA kwenye maelezo ya kifaa, na orodha ya hatari na mambo mengine ambayo mgonjwa lazima apitishwe na kupewa nafasi ya kuitia sahihi kabla ya upasuaji. Msidhani cheti kinatosha, pia. PIP, kampuni ya vipandikizi ya Ufaransa, ilikuwa na cheti cha Ulaya huku ikijaza silikoni ya viwandani, na karatasi zake zilionekana safi. Madaktari walioona vipandikizi vikipasuka mapema mno ndio waliosaidia kuifichua, hadi vikasimamishwa 2010.

6. Fomu yetu ya simu mnaijua. Swali la kwanza, lile lililoandikwa kwa mkono juu ya maneno yaliyochapwa, "Hiki ni cha ngapi, na cha kwanza kilikuwa cha aina gani?", ni mwandiko wake yeye. Alikuja ofisini nywele zikiwa zimeanza kuota, akaomba kalamu. Tangu Jumatatu nimeona fomu tatu ambazo mstari huo uko wazi. Wapigieni hao watatu leo, kabla hamjatoka.