Nani Atakuwa na Ufunguo Usiku wa Singida?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa Bukoba kutoka Temeke na mwezi ujao naripoti kazini. Nina Toyota Noah niliyoinunua kwa mkopo ambao bado nakatwa kwenye mshahara. Nina mtoto wa miezi mitatu, siwezi kuendesha safari hiyo. Nimeuliza watu watatu. Wa kwanza ni dereva, anataka 420,000, mafuta humo humo. Wa pili ni kampuni yenye ofisi Kariakoo, wanasema gari litapanda lori kwa 1,100,000 na nusu niwape leo. Wa tatu ana malori yake ya kubebea magari yaendayo Mutukula, anataka 1,900,000 na nisubiri lori lijae. Bima yangu ni ndogo. Nimchukue yupi? — Muuguzi, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

Tuanze na huyo wa 420,000, maana ndiye anayevuta roho. Chukua kalamu. Dar hadi Bukoba kwa kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Biharamulo si chini ya kilomita 1,300. Noah ikienda vizuri itakupa kilomita kumi kwa lita, kwa hiyo ni lita 130. Tukikadiria shilingi 3,000 kwa lita, mafuta peke yake ni 390,000. Zinabaki 30,000. Humo ale, alale njiani, apande basi kurudi Dar, na kitu kibaki mfukoni apeleke nyumbani. Haiwezekani. Nyingine ataitoa wapi? Atapakia abiria. Atasimama Mbezi, atasimama Msamvu, atasimama kila penye mkono ulionyooshwa.

Nalisema hili kwa sababu nimelifanya. Mwishoni mwa miaka ya tisini niliendesha magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini kwenda nchi jirani, hadi mipaka ya Tunduma na Rusumo, na tulikuwa tunapakia. Bosi alitupa hela isiyotosha akijua kabisa itafidiwa na nani. Gari likipinduka na abiria waliolipa nauli, na bima ni ya gari binafsi, usitegemee kampuni ya bima itafungua mkoba. Jina kwenye kadi ya gari ni lako.

Sasa hao wa Kariakoo. Kuwa na ofisi si kuwa na lori. Wengi wao ni madalali: wanapokea gari lako, kisha wanatafuta mwenye lori wa kulichukua kwa bei ya chini zaidi. Udalali si wizi, ila lazima ujue gari linaishia mikononi mwa nani. Waulize: lori ni la nani, namba yake ipi, na ya tela ipi? Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iko wapi? Jina la kampuni litafute BRELA, wanakosajili kampuni, na ukilipa kwa lipa namba, jina litakalotokea kwenye simu liwe hilo hilo, lisiwe la kijana wa mapokezi. Wakikwambia lori utalijua ukishalipa nusu, waage kwa heshima.

Mwaka 2016 nilimtumia binti yangu RAV4 Mwanza. Kampuni iliniahidi lori. Nilikabidhi ufunguo Ubungo kwa kijana mwenye fulana nzuri, tukashikana mikono, nikaondoka. Siku ya nne binti akapiga simu: "Baba, gari limefika, ila linanuka kuku." Nikamwambia afungue nyuma. Chini ya kapeti kulikuwa na maganda ya vitunguu, na kwenye reli ya kiti manyoya yamenasa. Ukiona vitunguu na kuku pamoja, gari limesimama Singida na limefanya biashara. Nikamwambia afungue boneti asome kikaratasi cha oili ambacho fundi alikifunga siku moja kabla ya safari, kisha asome dashibodi. Tofauti ilizidi kilomita 1,200. Gari nililolilipia lipande mgongoni mwa lori lilikuwa limekwenda kwa miguu yake mwenyewe hadi ziwani. Nilipowauliza, walisema kazi walimpa mtu mwingine. Sikuwa na karatasi yenye sahihi yao na namba ya kilomita pamoja. Iliniuma sana, kwa sababu kazi hii ndiyo iliyonilea.

Kwa hiyo, mwanangu, yeyote utakayemchagua, fomu ya makabidhiano ijazwe mbele ya gari, mchana, gari likiwa limeoshwa ili mikwaruzo ionekane. Iandikwe kilomita, mshale wa mafuta ulipo, redio, jeki, spana ya magurudumu, spea. Betri ichore alama kwa rangi ya kucha, mahali unapopajua wewe. Tairi zina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka zilipotengenezwa. Zipige picha zote nne na ya spea, maana tairi nzuri hubadilishwa njiani kwa vipara na mwenye gari hagundui mpaka mvua inyeshe. Taa na saiti mira kama hazijachorwa namba ya gari, zichore sasa. Wote wawili mtie sahihi, kila mmoja na nakala yake. Mpe ufunguo mmoja, wa akiba ubaki nao. Kadi halisi usiitoe, atumie kivuli.

Kwa hali yako ningemchukua huyu wa tatu, lakini si kwa maneno yake ya "mpaka lijae". Mpe tarehe ya mwisho, iandikwe. Nenda kaione yadi yake: ina uzio, ina mlinzi, magari mengine yanalalaje? Muulize gari atalishushia wapi. Mutukula ni mpakani na Uganda, mbele ya Bukoba, na wewe mwenye mtoto mchanga usikubali kuambiwa ulifuate huko. Lori la namna hiyo linataka eneo pana na tambarare, basi mkubaliane kabisa ni mahali gani mjini.

Bima nayo. Bima ndogo inalipa hasara ya watu wengine, Noah yako haimo. Mwambie akuonyeshe bima ya mizigo anayobeba, si stika ya lori tu, na usome inaishia shilingi ngapi kwa gari moja. Malipo yagawe: sehemu gari likipakiwa, iliyobaki ukishalikagua Bukoba juani. Dereva akifika saa mbili usiku akasema ana haraka, gari lilale, mkague asubuhi. Dai risiti ya EFD.

Kama 1,900,000 haipatikani, tafuta dereva, ila kwa utaratibu mwingine. Katia bima kubwa kwanza. Mafuta ulipe wewe moja kwa moja kituoni kwa simu. Ujira wake useme peke yake, nauli ya basi ya kurudi peke yake, ya kulala Kahama peke yake, mtu asiwe na sababu ya kutafuta abiria. Chukua nakala ya leseni na ya kitambulisho chake cha NIDA. Halafu mdogo wako au shemeji akae kiti cha mbele tangu Dar mpaka mwisho. Hakuna mkataba unaolinda gari kama ndugu aliye macho. Faini za barabarani ziandikwe kuwa ni za dereva. Vile vibao vya 50 ni vingi, kosa moja ni 30,000, na deni linakaa kwenye namba ya gari, linakusubiri wewe. Liangalie kwenye mfumo wa polisi kabla hujammalizia hela yake.

Vyombo vya nyumbani usivipakie ndani ya gari. Hata kiti cha mtoto kitoe, usafiri nacho. Gari litoke tupu, na siku litakapofika uniandikie dashibodi inasoma ngapi.