Lori halikuzaliwa Masaka

Juzi kijana wetu mpya hapa Kisenyi, Kampala, kaniletea karatasi, kapiga mistari miwili chini ya jibu: x = 200. "Tayari, kaka." Tayari nini? Nimemuuliza tuchukue lori lipi la kufuata mahindi Mityana, ananipa 200. Nilitaka kucheka, nikakumbuka madhambi yangu, nikanyamaza. Basi nyie mnaoanza kazi ya kupanga mizigo, someni haya kabla bosi wetu Hajati hajawaona.

1. x = 200 ni mahali bei zinapokutana, basi. Lori la kwanza tajiri wake anataka 400,000 za kuondoka, halafu 4,000 kila kilomita. La pili ni 100,000 na 5,500 kwa kilomita. Sawazisha 400,000 + 4,000x = 100,000 + 5,500x, utaipata hiyo 200. Chini yake la pili ni nafuu, juu yake la kwanza. Ukichanganyikiwa upande, weka x = 0 uone nani anaanza chini.

2. Jueni x inahesabu nini. Hapa nina kovu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa safari 12 za kuleta mahindi kutoka Masaka. Bei zilikuwa hizo hizo za hapo juu (ndiyo, yule kijana nilimpa makusudi). Kampala hadi Masaka ni kama kilomita 130. 130 haifiki 200, kwa hiyo lori la pili: 815,000 dhidi ya 920,000. Nikaona naokoa 105,000 kila safari, nikazidisha kwa 12, nikaanza kutembea kifua mbele. Dereva sikumuuliza kitu. Mtu mwenye D1 ya hesabu, alama ya juu kabisa, amuulize dereva nini?

Mwisho wa mwezi tajiri wa lori akaja na daftari lake, kurasa zimelowa oili. Kila mstari: 260. Nikamwambia, mzee, umekosea, ni 130. Hakubishana. Alilisukuma daftari mbele ya Hajati. Hajati akavaa miwani, akashuka na kidole mstari kwa mstari, kisha akanigeukia: "Mwanangu, kwani hilo lori lilizaliwa Masaka?"

Wapagazi mlangoni walicheka mpaka gunia likawadondoka.

Mimi nilihesabu njia ya mahindi. Tajiri alihesabu njia ya lori. Linatoka Kisenyi tupu, linapita Lwera, linapakia, linarudi. Kwa kilomita 260 lori la pili ni 1,530,000, la kwanza ni 1,440,000. Tofauti 90,000, mara 12: shilingi 1,080,000. Na mlinganyo wangu ulikuwa safi, hata mwalimu angeuwekea vema! Hajati alinikata 270,000 kila mwezi kwa miezi minne, bila kunigombeza. Mpaka leo nikimpelekea makadirio ananiuliza kabla hajafungua karatasi: "Na kwenda je?"

3. Wapagazi hulipwa kwa gunia, lori kwa kilomita. Msivitie kwenye x moja. Kama magunia ni yale yale kwa malori yote mawili, futeni malipo ya wapagazi pande zote.

4. Ukipata 0 = 50,000 usirudie hesabu. Bei ya kilomita ni moja, ya kuondoka ndiyo tofauti, kwa hiyo mistari haikutani kamwe. Chukua lenye kuondoka kwa bei ndogo, ukanywe chai. Kuna binti nilimkuta karudia mara tano, kifutio kimekwisha, machozi yako karibu. Nikamnunulia kifutio kwanza, maelezo baadaye.

5. Ulizeni njia. Mwaka 2024 daraja la Karuma, njia ya Gulu, lilipofungwa kwa matengenezo, waliong'ang'ania x yao ya zamani ya Gulu waliumbuka. Dereva anajua njia. Mpigie, mwite mzee hata kama umemzidi umri, na akifika mnunulie roleksi, chapati ya kuviringishia mayai, ya mayai mawili.

Wewe wa x = 200, karatasi yako iko mezani kwangu. Mityana ni kama kilomita 70 kutoka hapa. Lori la kwanza linalala Kisenyi. La pili linalala Jinja, na tajiri wake anahesabu tangu getini kwake mpaka lirudi getini kwake. Anza upya.