Mgongo wako na kiti cha lori

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili jana usiku. Daktari ametazama picha ya mgongo wako akakuambia diski ya chini kabisa, ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, imechakaa, nyonga yako imelala nyuma na kiuno kimenyooka kupita kawaida. Unaniuliza: ni maumbile uliyozaliwa nayo yaliyoila hiyo diski, au ni lori?

Baba, keti kwanza kwenye kigoda. Weka viganja kwenye ile mifupa miwili inayochomoza mbele, chini ya kiuno. Ibinue nyonga mbele polepole: mgongoni panaingia ndani, panakuwa na kibonde. Sasa iache ilale nyuma. Kibonde kimekwisha, mgongo umekuwa ubao. Niliwafundisha wagonjwa hivyo miaka yote niliyofanya fiziotherapia, maana uti wa mgongo umekalia nyonga, na nyonga ikienda, kiuno hufuata.

Umbo la nyonga lina pembe yake, na mtu akishamaliza kukua haibadiliki tena. Kwa wengi huwa karibu na nyuzi 50, ila watu hutofautiana sana. Mwenye pembe ndogo huwa na kibonde kidogo, hivyo uzito wa kiwiliwili humshukia diski moja kwa moja. Mwenye pembe kubwa kibonde chake ni kirefu. Mzigo humwelemea zaidi kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili, na pingili yenyewe yaweza kuteleza mbele. Wote wawili ni wazima, usijione umezaliwa na kasoro.

Sasa lori. Kutoka Malaba, Bugiri, Iganga, hadi uvuke Jinja, umekaa nyonga imelala nyuma na kiti kinakutikisa. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ndani. Hulishwa na maji yanayoingia na kutoka unapobadilisha mkao. Ikipungua kimo, kibonde nacho hupungua, nyonga inalala zaidi ili usimame wima, na mzigo unazidi palepale. Ndiyo maana picha moja haiwezi kusema kipi kilitangulia. Urithi nao una sehemu kubwa, na huo umetoka kwangu na kwa marehemu baba yako.

Lakini neno "imechakaa" lisikutie hofu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo: wenye miaka 30, zaidi ya nusu diski zao zilionyesha uchakavu, wenye miaka 80, karibu wote. Wewe una 31.

Kunja ile leso niliyokupa, uiweke kwenye kibonde unapoendesha, isiwe nene. Kila ukisimama kupima mzigo au kungoja foleni, shuka utembee. Usinyanyue gunia mara tu unaposhuka. Mgongo uliokaa saa nyingi haujawa tayari. Misuli ya tumbo na makalio tutaifanyia mazoezi pamoja.

Ila mguu ukilegea, ganzi ikikushika sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, egesha lori uende hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Bosi atasubiri.

Jumamosi ukipita Tororo njoo na ile picha ya pembeni. Nitaiinua dirishani, nitafute rula, tuipime hiyo pembe wote wawili.

Mama yako